Namna Nilivyomharibia Bwana Wendelin

Jumatatu, 5 Oktoba 1891

Nimepata daftari! Mama Kuhnert amenipa. Ni nakala ya mchezo uliokufa baada ya siku mbili, na nyuma ya kila ukurasa ni kweupe. Mama Kuhnert ndiye mnong'onezi wetu. Anakaa ndani ya kisanduku chini ya ukingo wa jukwaa na kuwanong'onezea waigizaji maneno wanayoyasahau. Amesema mtu mwenye manung'uniko mengi kama mimi afadhali ayaandike, wenzake wapumzike.

Basi naandika. Mimi ni Traugott Hampel, kutoka milima ya Silesia. Umri wangu miaka thelathini na minane, ila goti la kushoto lina sabini. Miaka minne nilibeba makaa ya mawe kutoka kwenye mashua za mto Spree. Sasa mwaka wa pili navuta kamba ya pazia katika jumba hili la michezo, nahamisha meza, nalisha majiko ya chini. Kazi ni ileile, ila hapa watu wanapiga makofi. Si kwa ajili yangu.

Habari ya leo: mchezo mpya! Unahusu mchukuzi wa makaa na mkewe. Bwana Mielitz, mwongozaji wetu, anataka kila kitu kiwe cha kweli. Meza ameinunua kwa mjane fulani, na imejaa alama za visu. Mlango unalia, na ametukataza kuupaka mafuta. Supu itakuwa supu ya kweli, ya moto, kila onyesho. Tena waigizaji wamekatazwa kuwatazama watazamaji. Wajifanye kuna ukuta pale. Watu watalipa kiingilio waone migongo. Hii ndiyo Berlin!

Mchukuzi wa makaa ataigizwa na Bwana Ottokar Wendelin. Ana miaka hamsini na mmoja. Robo karne amecheza wafalme na mashujaa katika majumba ya watawala wadogo wadogo huko mikoani. Sauti yake ikitoka, taa zinatetemeka. Lakini wafalme hawatakiwi tena. Bwana Mielitz amemwambia mbele yetu sote kwamba akifika Alhamisi ya tarehe 15 bado anaunguruma, nafasi inakwenda kwa mtu mmoja wa Hamburg, na mkataba wake basi. Mzee wa watu aliinama tu. Ana binti kilema nyumbani, na hakuna jumba jingine litakalomchukua.

Kisha Bwana Mielitz akanigeukia mimi. Akasema nimewahi kubeba makaa, kwa hiyo nimfundishe Bwana Wendelin namna mchukuzi anavyoishi. Mimi! Mwalimu!

Nimefikiri jioni nzima. Mtu wa Hamburg hayajui makaa. Mimi nayajua. Bwana Mielitz anataka ukweli. Ukweli ni mimi. Nikimfundisha Bwana Wendelin kila kitu kinyume, atafukuzwa. Bwana Mielitz ataangaza macho huku na huku, na atamwona nani amesimama na kamba mkononi?

Namwonea huruma yule mzee, sikatai. Lakini nina shida yangu. Mwaka jana nilimwandikia mke wangu Hedel kwamba sasa niko jukwaani. Sikudanganya. Niko jukwaani kila siku, ila pazia likiwa limefungwa. Yeye alielewa vingine, sikumsahihisha, na mama yake amewatangazia wafumaji wote wa kijiji. Sasa Hedel amepata tiketi ya treni ya daraja la nne. Anakuja tarehe 17, onyesho la kwanza, kumwona mumewe mwigizaji.

Siku kumi na mbili.

Jumanne, 6 Oktoba

Somo la kwanza: kutembea. Nimemwambia Bwana Wendelin kwamba mchukuzi hutembea kifua mbele, kichwa juu, kama askari wa gwaride, na tenga la makaa hulishika kwa mkono mmoja kama kofia. Aliniitikia kwa adabu sana. Alisema, "Asante, Bwana Hampel." Hakuna mtu aliyewahi kuniita Bwana katika mji huu, isipokuwa polisi.

Kisha akaniomba nimshushie makaa mpaka kwenye jiko la chini, kwani anasikia baridi. Nikabeba tenga. Ngazi thelathini na mbili. Yeye alikuja nyuma yangu polepole. Chini aliniuliza kama goti la kushoto linauma zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda. Nikamwambia goti langu halimo katika somo.

Jambo la kuudhi: Paschke amepewa nafasi! Paschke ni mvuta kamba mwenzangu, mzaliwa wa hapahapa Berlin, mdomo kama kinu. Ataigiza mchukuzi wa pili. Anaingia, anasema "Mvua imeanza," anatoka. Maneno mawili! Nilikwenda kwa Bwana Mielitz kulalamika. Akasema Paschke ana sura ya mtu asiyefikiri chochote, na ndiyo anayoitaka. Sikujua kama nimfurahie Paschke au nimwonee wivu. Nimemwonea wivu.

Alhamisi, 8 Oktoba

Somo la pili: kula. Bwana Wendelin alininunulia supu ya njegere yenye nyama ya nguruwe, na bilauri ya bia, katika baa ya pembeni. Nilikuwa nimemweleza njiani kwamba wachukuzi hula wamenyooka, kimya, na kila baada ya vijiko vitatu hufuta midomo kwa kitambaa cheupe. Nilikusudia kumwonyesha. Lakini supu ilikuwa nene! Tangu Jumatatu nimekula mkate na samaki wa chumvi. Nilipokumbuka kitambaa, bakuli lilikuwa tupu na nilikuwa nalifuta kwa kidole.

Yeye hakula. Alinitazama tu. Akauliza kwa nini nimelizungushia bakuli mkono. Nikamwambia sijazungusha mkono. Akauliza kwa nini ukoko wa mkate nimeuweka ndani ya kofia. Nikamwambia ni wa baadaye. Akauliza kwa nini kabla ya kijiko cha kwanza nilitazama mlangoni. Maswali gani hayo! Hajauliza hata mara moja juu ya kitambaa.

Paschke alituona tunatoka. Akapiga kelele barabarani, "Hongera, Msilesia! Umepata mchumba anayekulisha!" Nikamjibu kwamba aende kuiangalia mvua yake kama imeanza. Watu walicheka. Nadhani walinicheka mimi, lakini jibu lilikuwa zuri.

Ijumaa, 9 Oktoba

Ushindi! Mazoezi yamekuwa balaa.

Bwana Wendelin aliingia kifua mbele, tenga mkononi kama kofia. Akamwita mkewe wa mchezo kwa sauti iliyofanya kifuniko cha jiko kianze kulia chenyewe. Alipoketi kula, alichomoa kitambaa cheupe. Bwana Mielitz alivua kofia yake akaikanyaga. "Wendelin!" akafoka. "Huyu ni mchukuzi wa makaa au ni mfalme aliyepotea njia akaingia jikoni?" Mzee akasema kwa upole kwamba hivyo ndivyo alivyofundishwa. Bwana Mielitz akanitazama. Mimi nikatazama kamba.

Baadaye Mama Kuhnert akanishika mkono ukumbini. Mwanamke yule anasikia kila kitu kutoka kwenye kisanduku chake.

"Hampel, mwanangu, unamfundisha nini yule baba wa watu?"

Nikamwambia, ninamfundisha elimu ya makaa, na kwamba si rahisi.

"Naona. Marehemu mume wangu alibeba makaa miaka kumi na tisa. Kitambaa alikitumia siku moja tu, siku nilipomfunga taya kabla ya mazishi."

Wazee wana maneno ya kukata hamu ya chakula. Lakini sikurudi nyuma. Zimebaki siku sita tu hadi tarehe 15.

Jumapili, 11 Oktoba

Siku ya mapumziko. Nimeitumia kujiandaa, maana nafasi ikiniangukia lazima nijue kuigiza. Mimi nimeona mashujaa wengi kutoka pembeni mwa jukwaa. Mguu mmoja mbele. Mkono mmoja moyoni, mwingine mbinguni. Sauti kutoka tumboni. Nilisimama chumbani nikajaribu maneno ya yule shujaa anayekufa kwa sumu msimu uliopita.

Nilisahau kwamba kitandani yuko Ziegert. Ziegert ni mwokaji mikate. Tumepanga kitanda kimoja kwa bibi mwenye nyumba: yeye analala mchana, mimi nalala usiku, na hatujawahi kuzungumza ila kwa hasira. Kiatu cha kwanza kilinipata begani. Cha pili kilipita dirishani na kumpata mtu uani. Yule mtu alipanda juu kukileta mwenyewe.

Nimemwandikia Hedel. Nimemwambia aketi roshani ya juu kabisa, kwani bei yake ni nafuu, na pia kwamba asishangae akiniona nimebadilika. Mstari wa mwisho nimeufuta mara mbili nikaurudisha.

Jumanne, 13 Oktoba

Somo la tatu: hasira. Katika mchezo, mwenye mashua anamkaripia mchukuzi bure kabisa, na mchukuzi anakasirika. Bwana Wendelin akaniuliza mchukuzi hukasirikaje. Nikaona hapa ndipo pa kummaliza. Nikamwambia hupiga meza, huchana shati, huita mbingu na nchi zishuhudie.

Nilikuwa bado nimeinua mikono pale Bwana Mielitz alipokuja mbio. Alikuwa amejikwaa kwenye ngazi iliyoachwa ukumbini. Akanifokea mbele ya watu wote kwamba mimi ni gogo, tena gogo la Silesia, na kwamba siku moja nitamvunja mtu shingo. Ngazi aliiacha Paschke! Kila mtu anajua. Paschke alikuwa palepale, amesimama akitazama dari.

Nikasema, "Ndiyo, Bwana Mielitz." Nikavua kofia. Nikaikunja. Nikaikunjua. Nikasema tena, "Ndiyo, bwana." Nikaichukua ngazi.

Bwana Wendelin alikuwa ameketi juu ya sanduku, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilidhani ni vumbi. Akaninong'oneza, "Asante, Bwana Hampel. Sasa nimeelewa." Hajaelewa chochote! Sikuwa nimemaliza somo. Sehemu ya kuchana shati hata sikumwonyesha.

Alhamisi, 15 Oktoba

Mambo yamekwenda ovyo na bado sijui ni kwa nini.

Mazoezi ya mwisho, mavazi kamili. Bwana Wendelin aliingia. Kwanza sikumtambua. Alikuwa amepinda kidogo upande wa kushoto. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Alipoanza, alikuwa ametupa mgongo, na sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeongea na jiko. Alipokaripiwa na mwenye mashua, hakupiga meza. Alisema tu ndiyo bwana, akachezea kofia.

Nikamnong'oneza Paschke: amekwisha, hata hasikiki! Nikatazama upande wa Bwana Mielitz ili nimwone akivua kofia kuikanyaga. Alikuwa ameivua. Ameishika kifuani. Alikuwa analia! Mwishoni alipanda jukwaani akambusu mzee kwenye mashavu yote mawili, akasema mtu wa Hamburg abaki Hamburg.

Nilimuuliza Mama Kuhnert mzee amejifunzia wapi mambo yale, kwa maana si kwangu. Akasema, "Mwanangu, wewe una kioo chumbani kwako?" Nikamwambia hapana, Ziegert alikiuza. Akasema, "Ndiyo maana," akaingia kisandukuni.

Hedel anafika kesho kutwa. Sina nafasi. Sina hata mvua ya Paschke.

Jumamosi, 17 Oktoba, mchana

Nimepata! Nimepata! Chumvi!

Mimi ndiye ninayeileta sufuria ya supu kutoka baa hadi jukwaani. Nitatia konzi mbili za chumvi. Bwana Wendelin ataweka kijiko mdomoni, atatema mbele ya watu mia nane, atakohoa, atasahau maneno. Pazia litashushwa. Bwana Mielitz atalia, safari hii kwa sababu nyingine. Ndipo nitasogea mbele na kusema kwa unyenyekevu kwamba mimi naujua mchezo wote kwa moyo, na namna ya kula supu naijua pia. Na juu kabisa, roshanini, Hedel ataona.

Nimemlaki stesheni asubuhi. Amekonda. Amevaa kitambaa cha kichwa cha harusi yetu na amebeba keki ya nyumbani, ile yenye chenga za siagi juu, kutoka kwa mama yake, kwa ajili ya mwigizaji. Alitaka kujua nitaingia jukwaani kupitia upande gani. Nikamwambia ni siri ya kazi.

Konzi tatu. Moja zaidi kwa usalama.

Jumapili, 18 Oktoba

Naandika asubuhi. Nitaeleza kwa mpangilio.

Watu walijaa. Niliinua pazia. Mlango ulilia vizuri. Bwana Wendelin akaingia na tenga lake, akashuka vidaraja vitatu vya jukwaani, kila kimoja kwa mguu wa kushoto kwanza. Hakuna mtu aliyekohoa. Mkewe wa mchezo akampakulia supu. Niliishika kamba kwa mikono miwili, tayari kushusha.

Alizungushia bakuli mkono. Akatazama mlangoni. Akatia kijiko mdomoni.

Akaganda palepale. Niliona shingo yake ikikaza. Macho yakajaa maji. Nikajisemea, sasa! Lakini hakutema. Aliinua uso polepole akamtazama yule mwanamke, aliyekuwa amesimama na mwiko akingoja. Akameza. Akatia kijiko cha pili. Cha tatu. Alikula bakuli lote, kimya, machozi yakimshuka, kisha akalisogeza mbele ili aongezewe.

Hakuna jambo hilo katika mchezo! Hakuna bakuli la pili! Mama Kuhnert mwenyewe alitoa kichwa nje ya kisanduku. Ukumbi mzima ulitulia kama kanisani, halafu kutoka roshani ya juu nikasikia mwanamke akilia kwa sauti. Halafu wengine. Halafu makofi yakaanza katikati ya mchezo, jambo ambalo Bwana Mielitz amelikataza kwa tangazo mlangoni.

Baada ya kwisha nikaenda mlango wa nyuma kumngoja Hedel. Nilikuwa nimeshaandaa maneno: nina mafua, wamemtumia mwingine dakika ya mwisho. Hedel akaja mbio, kitambaa kimemdondokea mabegani, akanirukia shingoni.

"Traugott! Nimekuona, mume wangu! Nimekuona!"

Nikamwuliza ameona nini.

"Wewe! Kwa mbali uso siuoni vizuri, na zile ndevu wamekubandika, lakini hata wangekuvisha gunia ningekujua! Goti lako! Kofia yako! Ulivyomwitikia yule mbwa wa mashua! Na supu, ee Mungu wangu, supu! Jumapili ya kwanza baada ya harusi, nilipotia chumvi mara mbili na mama yako ameketi pale ananingoja niaibike. Ukala mabakuli mawili ukaomba la tatu. Nilidhani umesahau. Kumbe umewaonyesha Berlin nzima!"

Sasa nisikilize, ewe daftari. Nilikuwa nimepata kila kitu. Mke wangu alikuwa kifuani mwangu, analia kwa fahari. Kilichohitajika ni mimi kufunga mdomo.

Lakini hasira ilinipanda. Mimi! Yule? Yule mzee aliyepinda, anayelinda supu kama mbwa, anayesema ndiyo bwana kwa mtu aliyemtukana? Nikamwambia Hedel kwamba amenikosea heshima. Nikamwambia mimi sifanani na yule hata kwa ukucha, yule ni Bwana Wendelin, na anaigiza mtu mpumbavu. Mimi navuta kamba! Tena namwonea aibu mtu yeyote anayekula namna ile. Na supu ya harusi niliila kwa sababu nilikuwa na njaa.

Maneno yote hayo niliyasema kwa sauti ya kutoka tumboni.

Hedel akauliza: unavuta kamba? Nikasema ndiyo. Akauliza: na yule bwana ni nani aliyemfundisha? Hapo nikajidai, nikasema ni mimi, nilimfundisha siku kumi, na kila nilichomfundisha kilikuwa cha uongo. Nikamweleza na habari ya chumvi, ili ajue mumewe si mjinga.

Akaketi juu ya tenga la makaa. Nilidhani amezimia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mlinzi akatoka kuangalia. Kisha akajifuta macho, akainuka, akauliza chumba cha Bwana Wendelin kiko wapi, akampelekea keki.

Yote! Hakunikatia hata kipande.

Jumatatu, 19 Oktoba

Hedel amerudi leo kwa treni ya asubuhi. Stesheni alinifunga vifungo vya koti kama mtoto. Alisema atamwambia mama yake kwamba alimwona Traugott wake jukwaani, na kwamba hatakuwa amesema uongo. Nikamkataza kabisa! Wafumaji wote wajue kwamba mimi ni yule? Akasema, "Wewe mume wangu, unaila supu vizuri zaidi jukwaani kuliko ulivyonieleza mlangoni." Sijui alikuwa na maana gani. Treni ikaondoka. Nilibaki pale mpaka wakafagia miguuni mwangu.

Kazini, shangwe. Gazeti limeandika kwamba Bwana Wendelin, ambaye wengi walidhani amekwisha pamoja na wafalme wake, amezaliwa upya. Amepewa mkataba wa miaka mitatu. Alikuja mwenyewe mpaka kwenye kamba zangu. Alinishika mikono yote miwili. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba anajua nani aliyeitia supu chumvi, kwamba mwanzoni alitaka kunikaba koo, lakini aliyekuletea bahati humkabi. Kisha Bwana Mielitz akapita na kuamuru supu itiwe chumvi kila onyesho, konzi moja, na mimi ndiye niitie. Nimekuwa mtia chumvi rasmi.

Tena kubwa zaidi! Paschke amefukuzwa jukwaani. Kwenye onyesho la jana alisema "Mvua imeanza," kisha akampungia mkono shangazi yake ukumbini. Bwana Mielitz alisema ameutoboa ukuta. Bwana Wendelin akaniombea. Nimepewa mimi! Mchukuzi wa pili! Bwana Mielitz akaniambia nisifanye chochote: niingie kama ninavyoingia kila siku, niseme, nitoke.

Kama ninavyoingia kila siku! Anadhani mimi sijui kazi.

Alhamisi, 22 Oktoba

Jana ilikuwa siku yangu.

Nilikwenda bafu la umma nikajisugua mpaka nikawa mwekundu. Nilipaka masharubu nta. Shati nilifua na kulipiga pasi kwa sufuria ya moto. Mlango ulipolia niliingia kifua mbele, kichwa juu kama askari wa gwaride, tenga nimelishika kwa mkono mmoja kama kofia. Nikaliweka chini. Nikatanguliza mguu. Mkono mmoja moyoni, mwingine mbinguni. Nikawageukia watazamaji, kwani wamelipa, na nikanguruma: "MVUA! IMEANZA!"

Kifuniko cha jiko kililia. Nilikisikia.

Walicheka. Walicheka sana! Walicheka hata nilipoinama kuwashukuru, na nilipotoa kitambaa cheupe kufuta jasho wakacheka upya. Bwana Wendelin aliinamia bakuli lake, mabega yakitikisika. Ni mwigizaji mzuri, lakini pale alishindwa kujizuia. Naona nilimgusa.

Bwana Mielitz alinikuta pembeni. Kofia yake ilikuwa haivaliki tena. Akasema katika maisha yake hajaona mchukuzi wa makaa wa uongo kama mimi. Nikamkumbusha kwamba nimebeba makaa miaka minne. Akasema ndiyo maana anataka kulia. Nimerudishwa kwenye kamba, na Paschke amerudishwa kwenye mvua.

Wivu. Mtu akitokea wa kawaida tu, akawafurahisha watu mia nane kwa maneno mawili, wakubwa hawapendi.

Ijumaa, 23 Oktoba

Mchezo mpya kwa ajili ya Krismasi! Mama Kuhnert ameshausoma. Unamhusu mtu mmoja mnyonge, mbali na kwao, ambaye kila siku anapanga hila mpya dhidi ya jirani zake. Kila hila inamgeukia, kila mtu anaona, isipokuwa yeye mwenyewe. Mama Kuhnert alinihadithia huku akiniangalia sana, na mwishoni akanipa kipande cha soseji bila sababu.

Bwana Wendelin ndiye atakayemwigiza. Asubuhi amekuja na kuketi juu ya sanduku, karibu na kamba zangu. Ameniuliza kama ningekuwa radhi kumsaidia tena. Nimemwambia kweli: mtu wa namna hiyo sijawahi kukutana naye, nitamjulia wapi? Akasema haidhuru, tukae tu pamoja, nimweleze siku zangu zinavyokwenda, na supu atanunua yeye.

Nimekubali. Hajui kilicho kichwani mwangu! Nitamweleza mambo yangu yote jinsi yalivyo, neno kwa neno, bila kuficha hata moja. Hayatamfaa kitu kwa mchezo ule. Kufikia Krismasi atakuwa amefukuzwa, na nafasi itabaki wazi.

Jumapili hii namwandikia Hedel aweke tena nauli.